Kaiser na Kibanda cha Jibini

Bondeni kwao Tirol, nchi ya milima mirefu, mwalimu mstaafu Kassian alijua kila kitu. Ukitaka shahidi, muulize Kassian mwenyewe. Miaka ishirini na tisa aliwapandisha wageni hadi kwenye pengo la mlima liitwalo Kaiserlucke, akiwaeleza kwamba jina lilitokana na Kaiser, mfalme mkuu, aliyepita pale juu ya farasi mweupe. Rangi ya farasi aliitunga yeye. Wanakijiji wakambandika jina la Kaiser, naye, jamani, akawa anaitika!

Aliyembishia ni mmoja tu: mama mkwe wake, Notburga, aliyechunga ng'ombe kule juu ujanani. Yeye alisema "Kaserlucke". Kila Jumapili mezani Kassian huyo, kidole juu: "Kaiser, mama, si Kaser. Tuseme kwa usahihi." Mwishowe bibi akaacha kabisa kulitaja.

Sasa kibao kipya cha kueleza jina la pengo kilikuwa kizinduliwe Jumapili, maneno kayaandika Kassian. Ijumaa akaenda kanisani kutafuta mwaka aliopita mfalme, aongeze madoido. Padri akamfungulia daftari la miaka mia nne nyuma: Kaserlucke. Kaser, kibanda cha kutengenezea jibini. Mfalme hayumo, farasi ndiyo kabisa. Kumbe mchora ramani fulani wa mjini alisikia vibaya, akaandika Kaiser, na mwalimu mzima akameza bila kutafuna.

"Padri, si tulifunge tu hili daftari?"

"Kulifunga tutalifunga. Wewe usingizi utaupata?"

Aibu ilimchoma. Akaenda kwa mama mkwe, kofia mkononi.

"Mama, lile pengo la mlimani... linaitwaje?"

"Kamuulize Kaiser," bibi akajibu, akiendelea kumenya viazi.

"Kaiser ni punda, mama. Nimekuja kwako."

Kisu kikasimama. "Nilitengeneza jibini kule miaka kumi na moja, Kassian. Halafu ukanifanya nione haya kutaja mahali pangu mbele ya wajukuu wangu."

Kassian akaweka kofia mezani, akaketi mbele yake.

"Haya, sema."

"Kaserlucke."

"Vibaya. Ivute hiyo a." Bibi akainua kidole. "Tuseme kwa usahihi. Jumapili utalitamka mbele ya watu wote, na watakucheka."

"Watanicheka, mama."

"Sana. Sema tena."

Akasema tena, na tena, mpaka viazi vikaisha.