Magadi ya Boila

Siku yangu ya kwanza kazini, Shinyanga, nilipewa chupa na sabuni ya maji nikaambiwa nitikise. Nilidhani nafanywa mjinga. Mkuu wetu tulimwita Bwana Maji, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Akanionyesha: maji ya mvua yakipata matone machache ya sabuni yanatoa povu papo hapo, ya kisima unatia, unatikisa, unatia tena, yamenuna tu. "Hayo ni maji magumu," akasema. "Hesabu matone. Kazi yako ndiyo hiyo." Basi nikawa mpima maji, na mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni mwa mama. Kazi ile iliuongeza.

Ninyi vijana mmefundishwa haya shuleni, lakini wacha niyaseme kwa namna yetu. Mvua ikizama ardhini inabeba hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani, na ikipita kwenye mawe ya chokaa inayayeyusha kidogo kidogo. Maji yanabaki maangavu, hujui kitu. Ukiyachemsha, hewa inatoroka na chokaa inarudi kuwa jiwe na kung'ang'ania chuma. Jina lake la kitabuni ni kalisi kaboneti. Sisi tuliliita ukoko, kama ule wa wali.

Nikahamishiwa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, ambako mashine za kusaga mawe ziliendeshwa kwa mvuke wa boila. Masika tulitumia maji ya bwawa, laini kabisa. Kiangazi bwawa likikauka tulivuta ya kisima, na hapo roho yangu ilikuwa haitulii. Mhandisi Mkuu, mzee mrefu asiyepaza sauti, alinisimamisha mbele ya boila. "Ukoko ukikaa kati ya moto na maji, chuma hakipozwi tena," alisema. "Kinalainika, kinavimba, kinapasuka. Niliwahi kuona hayo kwingine. Hatukupata mwili mzima wa kuzika."

Dawa ilikuwa soda, unga mweupe uliokuja kwa magunia. Ukiitia kwenye tangi, chokaa inashuka kama tope laini badala ya kuganda, nalo tope unalitoa kwa bomba la chini. Mwenye kuitia alikuwa mchochea moto, Masanja, kaka mkubwa wa mke wangu. Mtu mkarimu mno, kila asubuhi sauti yake ilinifikia kabla sijamwona: "Mwangaluka, shemeji! Umeamkaje na chupa zako?" Alikaa kutwa nzima kwenye kigoda mbele ya mlango wa moto, hata chakula alikila pale.

Kiangazi kimoja maji ya boila yakakataa kutoa povu. Nikabadilisha sabuni. Nikaosha chupa upya. Wapi! Boila nalo likaanza kunguruma, likala kuni nyingi na kutoa mvuke haba.

"Soda inatiwa?" Mhandisi akauliza.

"Inatiwa, Bwana," Masanja akajibu, na mimi mwenyewe nilimwona akitia. Basi tatizo liko wapi? Nilikuwa nikipita pale namtazama shemeji yangu amekaa mbele ya moto anachekacheka.

Mchana mmoja nikaenda nyumbani kula. Sasa, maji ya kisima kile ndiyo tuliyopikia kambi nzima, na kila kiangazi maharage yalikuwa changarawe, uchemshe utakavyo. Siku hiyo yaliyeyuka mdomoni. Kijiko kikanisimama mkononi.

"Mama Lusia," nikamwuliza mke wangu, "umepikia maji ya wapi?"

"Ya kisima. Nimetia magadi."

"Magadi ya wapi?"

Akacheka. "Si ya kaka! Siku hizi kambi nzima wanachota kwake, leo nami nimechota. Kila nyumba kijiko tu, baba, usitoe macho hivyo."

Jamani! Kwetu Usukumani mtu hanyimwi chumvi wala magadi, na Masanja asingeweza kumwambia mke wa mtu hapana. Kijiko cha huyu, kijiko cha yule, kilichobaki ndicho alichotia kwenye tangi.

Nilitoka mbio, kisha nikasimama njiani. Nikisema, shemeji anafukuzwa. Nikinyamaza, je? Nikaona mlango ule wa moto na yeye amekaa mbele yake, nikakimbia tena. Nilimweleza Mhandisi kila kitu. Hakugomba. Aliamuru moto utolewe mara moja.

Boila lilipopoa likafunguliwa. Ukoko ulikuwa mnene kama tofali, na bamba la chuma juu ya moto lilikuwa limevimba kuja nje. Mhandisi akaweka kiganja juu ya uvimbe ule. Masanja akautazama, akatazama kigoda chake. Akakaa chini sakafuni.

Kazi aliachishwa, akarudi kwao Ushirombo bila kuniaga. Mke wangu aliniuliza, "Angekuwa mtu baki, ungemsema?"

"Ningemsema."

"Basi wewe huna shemeji." Maneno yale yaliniuma, nanyi msidhani yameacha kuniuma. Nilipima maji kwenye migodi mingine mpaka nikastaafu, na kila nilipokwenda, kabla ya chupa niliuliza kwanza wanawake wanapikia nini maharage.

Sasa tunakaa Kagongwa. Masanja alichukua miaka mingi kabla ya kuvuka mlango wangu. Siku hizi huja na wajukuu wake likizoni, nao hawaishi kunung'unika kwamba maharage ya bibi hayajaiva. Mke wangu hajatia magadi tena tangu siku ile.

"Tafuneni," nawaambia.

Masanja, ambaye hana jino hata moja la mbele, anatafuna taratibu pamoja nao wala halalamiki.