Mwisho wa Dua ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini chuo kikuu, Mkuu wa Idara ya Dini hakuniuliza naamini nini. Aliniwekea mezani tepurekoda nzito, akasema, "Wewe Muha, rudi kwenu. Dini ya wazee wenu inazikwa nao. Niletee sauti zao." Nilibeba mashine, nikapanda basi la kwenda kwetu Kasulu.

Kazi yetu tuliiita utafiti wa uwandani, yaani kukaa na watu mahali wanapoabudia badala ya kuwasoma vitabuni. Anayekueleza mambo huitwa mtoa habari. Ukirudi chuoni unafanya unukuzi: unasikiliza kanda na kuandika kila neno, hata kikohozi. Nilifanya hivyo Kibondo, Kasanda, na baadaye kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, ambako Warundi walinisahihisha Kiha changu huku wakinicheka. Niliendelea hivyo mpaka nikawa profesa.

Kila mzee aliyekubali kunisomea dua ya wafu aliishia mahali pamoja. Aliwataja waliotangulia, akawaombea kwa Imana, ndiye Mungu kwa Kiha, kisha akanyamaza. Maneno ya mwisho, ya kuwakaribisha wanywe, hunong'onwa na mwenye dua peke yake, pale tu pombe ya ndizi inapomiminwa chini. Kuyasema bure ni kuwaita wageni kwenye nyumba isiyo na kitu. Katika unukuzi niliweka nukta tatu.

Mkuu wa Idara aliyefuata hakuzipenda. "Miaka yote hii unaniletea dua zilizokatika?"

"Ndivyo zinavyotolewa, Mkuu."

"Basi mbembeleze mama yako."

Mama ndiye aliyeisema dua hiyo nyumbani kwetu, na Jumapili alikwenda kanisani kama wenzake. Nilimwendea na mashine. Akaitazama kama anavyomtazama kuku wa jirani aliyeingia ndani.

"Hiki kikiwaita wafu, kitawapa nini wanywe? Betri?"

"Nataka mwisho tu, mama."

"Mwisho utausikia nitakapokukabidhi, mwanangu. Siku hiyo uje na kibuyu. Hiyo redio yako uiache hukohuko."

Anayekabidhiwa dua ni lazima awe anaishi nyumbani, kwa hiyo tulisubiri nistaafu. Mama alipatwa na kiharusi nikiwa nafunga vitabu vyangu kwenye maboksi. Nilimkuta amelazwa hospitali ya Kabanga. Macho yalinitambua, ila mdomo haukutoa neno. Nilikaa kando ya kitanda, yeye akijaribu, mimi nikimwambia apumzike, mpaka alipofariki.

Baada ya matanga tulikusanyika kaburini kummiminia. Mdogo wangu Yohana alishika kibuyu. Mimi nilisema dua kwa Kiha mpaka pale wazee walipokuwa wakinyamaza, nami nikanyamaza.

"Endelea, Dada," Yohana akaninong'oneza.

"Sina."

"Profesa mzima, huna?"

Binti yake Neema, ambaye ni mwalimu, akatoa simu. Siku hizi simu huulizwa jambo lolote ikajibu kama mtu. Aliiuliza jinsi dua yetu inavyomalizika. Ilijibu upesi, kwa Kiswahili laini. Mwanzo ulikuwa tafsiri yangu mwenyewe niliyoichapisha zamani, neno kwa neno. Lakini penye nukta zangu iliweka sentensi ndefu, tamu, kuhusu mizizi na nuru. Sikuwahi kumsikia mzee yeyote akiwaambia wafu habari za nuru.

"Shangazi, ndiyo haya?"

Watu wote walinigeukia. Yohana alikuwa ameshainamisha kibuyu na pombe imeanza kumwagika pembeni.

"Soma," nikasema.

Neema akasoma, Yohana akamimina. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alisema yale maneno yamemgusa kuliko mahubiri.

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza kama mashine zitaiua elimu yetu. Nilifundishwa kuandika nilichosikia na kuacha wazi nisichosikia. Simu haiwezi kuacha wazi. Niligundua kaburini kwamba hata wafiwa hawawezi.

Watoto wa Neema wameyakariri maneno yale. Mwaka huu, tulipomkumbuka mama, Yohana alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kibuyu nilikishika mimi. Nilipofika pale pa kunyamaza, nikasema habari za mizizi na nuru, kwa kuwa hatuna mengine. Pombe ikaingia ardhini kama kawaida, tukarudi nyumbani.