Aliyerudishwa Hakuwa Mgonjwa

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemfikia Daktari bila kupita kwanza kwa Mama Faili. Meza yake ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya mlango wa kuingilia na kabati la chuma lenye droo nane, na ndani ya droo hizo zilikaa nyumba zote za mtaa. Nasema nyumba, si watu, kwa sababu Daktari alikuwa daktari wa familia na alitaka kila familia iwe na faili moja nene, bibi na wajukuu humo humo, ili akimsikia mtoto anakohoa aweze kuangalia nani mwingine anakohoa. Mama Faili alizijua faili zile hata kwa madoa yake. Alijua nani ana presha na nani, mwanaume mzima, huzimia akiona sindano. Lakini mambo hayo hayakuvuka mlango. Alikuwa mcha Mungu, na siri ya mtu aliiogopa kama moto.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuuliza shida. Mtu akifika mezani anaulizwa, "Shida gani leo?" Jibu linaandikwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinabanwa juu ya faili, na hapo Mama Faili anaamua nani aingie kwanza. Homa ya mtoto ilitangulia. Mgongo ulisubiri. Mzee mmoja wa mgongo, aliyekuja kila Jumatatu bila kukosa, hakukubali kamwe.

"Mama Faili, mgongo huu umekupita umri. Mbona haupewi heshima yake?"

"Ungekuwa na heshima, mzee wangu, ungekuja umenyooka."

Benchi zima lilicheka, na mzee mwenyewe akacheka zaidi, huku akishika kiuno.

Asubuhi moja alikuja Fundi. Huyu alikuwa mshonaji wa nguo mwenye kibanda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mama wa watoto wawili, mtu mpole asiyepayuka. Hakungoja kuulizwa. Aliinama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa meza, akanong'ona.

"Mama, naomba vile vidonge vya kinga. Vya kukinga ukimwi."

Mama Faili aliacha kalamu. "Wewe? Kwani una nini?"

"Sina kitu. Ndiyo maana navitaka."

Mama Faili alimfahamu mume wa Fundi. Walisali pamoja. Ndiye aliyeongoza maombi siku za ibada, mwenye sauti iliyomtoa Mama Faili machozi kila mara. Akamwazia mtu yule akiambiwa mkewe anameza vidonge vya namna hiyo, na moyo wake ukamwuma kwa ajili ya mume, si kwa ajili ya mke.

"Mwanangu," alisema, akamshika mkono, "hivyo ni vya watu wenye maisha yao. Wewe ni mke wa mtu, tena mtu wa heshima. Hapa ni kwa daktari wa familia. Rudi nyumbani ukaombe, Mungu ataitengeneza ndoa yako."

Alisema kwa upole, lakini kwa sauti yake ya kila siku, na benchi zima likasikia. Fundi aliwatupia jicho wale waliokaa, akavuta mkono wake taratibu.

"Asante, mama," akasema, akaondoka.

Siku ile Mama Faili alirudi kwake moyo mweupe. Alijiona ameiokoa nyumba ya watu. Aliiombea nyumba ile kwa jina la kila mtoto, akala, akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Miezi minne ikapita. Siku hiyo shangazi wa watoto wa Fundi alikuwa amemleta mdogo mwenye upele, na walipotoka, Daktari akaja mezani na faili yao mkononi.

"Mama yao mbona hajarudi? Nilimwambia mwenyewe aje siku yoyote, aseme tu hapa mezani anataka vidonge vya kinga."

"Vya kinga?" Mama Faili aliuliza, kana kwamba neno lile ni geni.

"Ana sababu ya kuhofia, na sababu si yake. Mtu ambaye hajaambukizwa anameza kimoja kila siku, anabaki salama. Nawachanja watoto wao, napima presha ya mama zao, hili nalo ni langu. Nisipowapa mimi wanayenijua, unafikiri watakwenda kumwomba nani?" Akaifunga faili. "Hakuja?"

Jibu lilikuwa ni neno moja tu. Mama Faili alilijua. Ulimi ukachukua njia nyingine.

"Hapana, Daktari. Hajaja."

Jioni alipiga magoti kama kawaida, maneno yakamkwama. Kila alipotaka kusema "nisamehe" alisikia "hajaja". Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Alianza kuogopa hata chai yake mwenyewe, kwamba anakunywa kwa raha wakati mwenziwe huenda ameshaharibikiwa kwa sababu yake. Jumamosi akapiga moyo konde, akatoa kitambaa alichokuwa ameweka sandukuni mwaka mzima, akaenda kibandani kwa Fundi kama mtu anayetaka gauni.

Fundi alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akakikagua kitambaa kwa vidole, kisha akamsimamisha karibu na cherehani.

"Nyoosha mikono, mama. Usivute tumbo, gauni halidanganywi."

Futi ikamzunguka kifuani. Mama Faili alikuwa ameandaa maneno marefu njiani, yote yakapotea.

"Ulishapima?" akauliza.

"Si ndiyo nakupima."

"Damu, mwanangu. Namaanisha damu."

Futi ikasimama. Nje mtu alikuwa akipakia mabati dukani, yakigongana. Fundi aliikunja futi mkononi polepole.

"Sijapima. Naogopa," alisema. "Siku ile nilikuwa nimejikaza wiki tatu nzima. Nikafika mpaka mezani kwako. Kutoka pale hadi mlango wa Daktari ni hatua sita, nilizipima kwa macho. Ukanirudisha."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua. Ungenitukana ningekasirika, ningepita kwa nguvu. Lakini ulinishika mkono kama mama yangu mzazi. Nikasema basi, labda kweli mimi ndiye mbaya."

"Na mumeo?"

"Ana nyumba nyingine, mama. Miaka miwili sasa. Nikimwambia tutumie kondomu ananiuliza nimeitoa wapi tabia hiyo. Mara nyingine nakataa. Mara nyingine nashindwa."

"Hata baada ya siku ile?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miezi minne, mama. Unataka nikuhesabie?"

Mama Faili aliketi bila kukaribishwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa chake kipya. "Nisamehe, mwanangu."

"Ngoja kwanza," Fundi alisema, "tujue nakusamehe nini."

Jumatatu Fundi akaja kupima. Mama Faili alichomoa faili, hakuuliza, hakuandika kikaratasi, akampeleka moja kwa moja mlangoni. Mzee wa mgongo akaruka, kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"We Mama Faili! Huyo ana shida gani inayoupita mgongo wangu?"

"Sikumwuliza, mzee."

"Hujamwuliza? Leo mvua itanyesha mawe!"

Watu wakacheka. Mama Faili hakucheka. Fundi alikaa ndani nusu saa. Katika nusu saa ile aliweka faili ya watu wa droo ya pili kwenye droo ya saba, akamwita mama mmoja kwa jina la marehemu mama mkwe wake. Aliomba, lakini hakujua aombe nini, maana damu ya mtu iko kama ilivyo kabla hata hujafumba macho. Kama gonjwa lipo, lilikwishaingia, na yeye ndiye aliyeufunga mlango uliokuwa wa kulizuia.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akamwita ndani.

Fundi alikuwa ameketi, pamba imebanwa kwenye kiwiko, kichupa cha vidonge mapajani. Daktari alimtazama kwanza, naye akaitikia kwa kichwa.

"Ameruhusu nikwambie, maana faili yake unaitunza wewe. Hana," Daktari alisema. "Leo anaanza kumeza. Mwezi ujao atapimwa tena, maana maambukizi ya karibuni damu haiyaonyeshi upesi. Baada ya hapo, kila miezi mitatu."

Mama Faili alishika ukingo wa meza. Hana. Alitaka kumshukuru Mungu kwa sauti, akaona hana haki. Kama Fundi alikuwa amepona, hakupona kwa msaada wake.

"Nilimwuliza kwa nini amechelewa hivi," Daktari aliendelea. "Anasema alizidiwa na kazi za kushona."

Fundi alikuwa akiangalia sakafu. Mama Faili akaona mlango wa kutokea ndio huo, amefunguliwa na yuleyule ambaye yeye alimfungia. Angeweza kusema ndiyo, msimu huu wa sherehe mafundi hawapumui, akarudi mezani kwake. Na Fundi asingesema kitu mpaka kufa.

"Si kweli, Daktari," Mama Faili alisema. "Alikuja. Alikuja miezi minne iliyopita, mimi nikamrudisha. Nikamwambia akaombe. Na ulipouliza nikakudanganya."

Daktari alivua miwani. Hakufoka, ingawa Mama Faili alitamani afoke. Aliifuta miwani kwa pindo la koti, kwa muda mrefu.

"Na mimi ndiye niliyekuweka pale uwaulize watu siri zao mbele ya benchi zima," alisema mwishowe. "Hilo langu nitalibeba. Lakini niambie. Wangapi wengine?"

Katika siku zote za kulia na kupiga magoti, swali hilo halikuwahi kumjia. Alikuwa amemlilia Fundi tu. Sasa zikamjia nyuso moja moja, watu walioinama juu ya meza yake wakinong'ona, na yeye akiwajibu kwa upole.

"Watatu," alisema. "Nawakumbuka watatu."

Fundi aliinuka, akakitia kichupa kwenye mkoba. Alipompita Mama Faili hakumgusa. "Mwezi ujao napita moja kwa moja," alisema. "Usiniulize kitu." Akatoka.

Mama Faili alirudi kwenye kabati lake. Kinyozi wa kona, droo ya tatu. Mjane mmoja, mchuuzi wa mboga, droo ya sita. Alizitoa faili zote mbili, akaziweka kando. Jioni atawafuata, mmoja mmoja, hata wakimfukuza. Wa tatu alikuwa binti mgeni, sketi ya kijivu, viatu vyenye vumbi la mbali. Alizivuta droo zote nane, kisha akakumbuka. Hakuwa na faili. Alikuwa amemrudisha kabla hajamfungulia.