Ujumbe Mmoja kwa Simu ya Wawili

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Usagara jijini Tanga, duka la vipuri vya baiskeli limeshafunguliwa, na katika chumba kilicho juu yake Ritha Manase anabishana na mteja kwa simu. Mteja ana nyumba ya wageni Ushongo, na anaapa kwamba tovuti yake imerogwa. Watu wanaifungua, wanajaza maombi ya vyumba, wanashukuriwa kwa maneno matamu, kisha hakuna ombi hata moja linalomfikia.

"Tovuti yako ni nzima, kaka," Ritha anamwambia, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Mgonjwa ni yule wa nyuma."

Wa nyuma ni programu isiyoonekana na mtu, inayofanya kazi kimya kimya baada ya mgeni kubonyeza kitufe na kwenda zake. Ritha huwaeleza wateja kwamba tovuti ni sebule, na kila sebule ina jiko. Ukikuta sebule imepigwa deki unaamini chakula kipo, kumbe huko jikoni moto ulizimika tangu juzi. Kwa miaka tisa sasa kazi yake ni kwenda jikoni kuuliza kulikoni.

Leo tatizo ni dogo. Mwenye nyumba alibadilisha nywila ya barua pepe, akasahau kwamba na programu inaitumia. Tangu siku hiyo imekuwa ikibisha hodi, inafukuzwa, inarudi kubisha tena, bila kumlalamikia binadamu yeyote. Ritha anaiwekea nywila mpya, anaiwasha upya, na maombi yaliyokwama yanaanza kumiminika. Mteja anacheka kwa raha, anaomba radhi kwa habari ya uchawi.

Ritha hacheki. Bado ana swali moja: ile simu inayopokea taarifa za wageni, mnaitumia wangapi?

Mteja anashangaa. Yeye na mkewe, anajibu, na mpishi siku nyingine. Kwani kuna tatizo?

"Hakuna," anasema Ritha. "Ila programu haijui kama mko watatu, mpaka mtu aiambie."

Anakata simu, anageuza kiti. Swali hilo huwauliza wateja wote siku hizi, wengine mpaka linawaudhi. Zamani hakulijua, na aliyelipia somo lake si yeye.

Ritha, mwenye umri wa miaka 36, alizaliwa kwenye shamba la mkonge wilayani Muheza. Baba yake alishuka kutoka milima ya Upare kuja kukata mkonge, akazikwa huko huko. Mama yake alimtangulia. Aliyebaki na mtoto ni mama mdogo, Bertha, aliyekuwa akianika singa za mkonge kiwandani tangu asubuhi hadi jua linapinda. Kwa mikono iliyochanwa na singa hizo, Bertha alimsomesha Ritha mpaka chuo cha kompyuta.

Ufundi wa watu wengine una mshahara. Wa Ritha ni wa kuitwa pale mambo yakiharibika. Kazi kama ya leo ni shilingi elfu arobaini, akilipwa. Kodi ya chumba ni laki moja na ishirini kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye zahanati moja binafsi ya hapa mjini alipomtaka awe fundi wao wa kudumu, hakujiuliza mara mbili. Zahanati hiyo gazeti hili halitaitaja, na mwenyewe tutamwita Mohsin, jina ambalo si lake.

Kabla ya Ritha kulikuwa na muuguzi, Huwaida, aliyewapigia simu wagonjwa mmoja mmoja majibu ya vipimo yakitoka. Akipokelewa, humtaka mtu kwa jina lake, na mtu asipokuwepo humpigia tena kesho. Kazi hiyo ilimla muda. Mohsin aliuliza kama kompyuta haiwezi kuifanya, Ritha akasema inaweza, na Huwaida akahamishiwa dirisha la dawa.

"Mimi ndiye niliyesema inaweza," anasema Ritha. "Usimwandikie Mohsin peke yake."

Programu ilianza kwa mbwembwe. Majibu yakiingia, ujumbe unakwenda: majibu yako yako tayari, tafadhali fika zahanati. Jina la mgonjwa halikuwekwa, kwa sababu siri ya mgonjwa ni yake, na simu huwa na macho mengi. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Shida ikazuka kwenye mtandao. Ujumbe ukishatoka, mtandao ukikatika kabla ya risiti kurudi, programu iliamini haijatuma, ikatuma tena. Wagonjwa wakawa wanaitwa mara mbili, mara tatu. Mzee mmoja wa Nguvumali aliitwa mara nne kwa majibu ya malaria, akawakusanya wanawe na kuanza kuwagawia minazi yake kama anayekufa.

Mji ulicheka, Mohsin hakucheka. Alitaka kelele zile ziishe wiki hiyo hiyo. Ritha akaongeza amri moja fupi: namba ya simu ikishapata ujumbe leo, usiutume tena ujumbe huo huo, hesabu kwamba umeshafika. Malalamiko yakakoma. Mohsin akamletea halua.

Yeyote aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge angeiona hatari hiyo, na Ritha alikulia huko. Kwenye kambi za wakata mkonge simu si ya mtu, ni ya mlango. Mwenye duka ana simu iliyochajiwa, basi nusu ya kambi inatoa namba ya mwenye duka. Ritha mwenyewe alimnunulia Bertha simu nzuri. Bertha akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini isichafuke, na kila alipoulizwa namba akaendelea kutaja ya jirani yake Anjela, mwenye duka.

Ni Ritha aliyewashawishi Bertha na Anjela waje mjini kupima saratani ya mlango wa kizazi. Aliwalipia nauli, akawasindikiza mpaka mlangoni, akawanunulia na chai. Walichukuliwa vipimo siku moja. Majibu yao yalitoka siku moja. Dirishani, kila mmoja alikuwa ametaja namba ile ile ya simu.

Ujumbe ulikwenda mmoja. Anjela alirudi mjini, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani akiimba. Bertha akamwuliza kama na yeye ameitwa, akaambiwa hapana. Kwa watu wa kambini kutoitwa hospitali ni habari njema. Bertha akamshukuru Mungu, akaendelea na shamba lake la mihogo.

Mwaka ulipopita damu ilianza kumtoka. Daktari wa hospitali ya wilaya alipomuuliza kama amewahi kupima, Bertha alijibu kwa kujiamini kwamba alipima mjini na hawakumwita. Ritha alikimbilia zahanati, akafungua mfumo alioujenga mwenyewe. Mbele ya jina la mama yake mdogo paliandikwa kwamba kipimo kina dalili mbaya, arudi haraka. Pembeni yake kulikuwa na alama ya kijani: ujumbe umefika.

Alipanda pikipiki mpaka kambini akiwa na hasira zake zote. Dukani kwa Anjela palikuwa na wateja. Ritha hakusalimu. Alimwambia mbele ya watu kwamba amemuua Bertha kwa uvivu, kwamba ujumbe aliupata akaukalia.

Anjela, ambaye humwita Ritha mwanangu tangu akiwa mtoto, alipima sukari ya mteja, akaifunga, ndipo akajibu.

"Ulikuja mmoja, Ritha. Haukuwa na jina. Simu yangu, nimepima mimi, nikajua ni wangu. Ungekuja wa pili, nani ningemnyima?"

Ritha anasema alielewa pale pale, akiwa amesimama dukani. Amri yake fupi ilikuwa imeuona ujumbe wa Bertha, ikaona namba ile ile na maneno yale yale, ikaudhani ni marudio, ikautupa. Kisha ikaweka alama ya kijani, kama alivyoifundisha.

"Sikulia," anasema. "Niliona aibu ya kulia mbele ya mtu niliyemtukana."

Amri ile aliifuta siku iliyofuata. Haikumchukua hata mchana mzima: kila ujumbe ukapewa alama ya mgonjwa wake badala ya kutazamwa kwa namba ya simu. Mtu yeyote wa kazi hii angekwambia ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Lakini ujumbe uliokwisha tupwa haurudishwi kwa kurekebisha programu. Kabla hajatoka ofisini alikuta jumbe zaidi ya mia mbili zimerukwa kwa namna ile. Humo kuna marudio ya kweli, na humo kuna watu, na mfumo hauwezi kuwatofautisha.

Alimwomba Mohsin wapigiwe wote, na Huwaida arudishwe kwenye simu. Mohsin si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Alifunga mlango wa ofisi.

"Dada Ritha, zahanati hii aliijenga bibi yangu," alimwambia. "Ukisema nje, watu hawatasema programu. Watasema tumeua."

Akaahidi kulifikiria. Wiki ile ile nywila za Ritha zilifungwa, na shilingi laki moja na nusu ya kila mwezi ikaishia hapo. Tulipomtafuta, Mohsin alisema mambo ya wagonjwa ni siri na hana la kuongeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema la kufanya pale anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine.

Ritha amepeleka taarifa panapohusika na ameambiwa asubiri. Kusubiri ndiko kulikomfikisha Bertha hapa alipo.

Bertha sasa anaishi naye Nguvumali, kati ya safari moja ya matibabu ya Dar es Salaam na nyingine. Amekonda, lakini kazi za kukaa hajaziacha. Tulipofika tulimkuta akichagua mchele ukumbini. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Kwa miezi miwili Ritha hakumwambia ukweli. Alimhudumia, akamwogesha, akamsimulia habari za mtandao mbovu. Kisha mchana mmoja, wakichagua mchele kama huu, alimweleza kila kitu: amri, alama ya kijani, mikono iliyoiandika. Bertha hakuinua uso mpaka ungo ulipokwisha.

"Mimi umenijua kwa sababu ni wako," alisema mwishowe. "Wale wasio na mtoto fundi, nani anawaambia?"

Tulimuuliza Bertha kama amemsamehe. Alitutazama kana kwamba tumeomba kitu kabla ya wakati wake.

"Nimeudhika," alisema, Ritha akisikia. "Acheni niudhike kwanza. Kusamehe kupo, hakukimbii."

Anjela naye ameombwa radhi mara kadhaa, na anaitikia. Lakini Ritha akifika dukani siku hizi hapewi kigoda. Husimama, husema kilichomleta, huondoka.

Kilichomleta ni tangazo. Majina ya wagonjwa hana, na hata angekuwa nayo si yake kuyatoa. Kilichobaki ni njia za zamani. Mchungaji wa usharika wa kambini amemruhusu asimame wakati wa matangazo, baada ya ndoa zinazotarajiwa na kabla ya mnada wa mahindi ya sadaka. Msikitini Nguvumali amekwenda kumwona imamu, naye akalisema baada ya swala ya Ijumaa. Anjela analisema dukani kwa kila anayenunua chumvi.

Jumapili ya kwanza wanawake wachache walimfuata nje ya kanisa, wakimvutia pembeni. Wote walipima, wote walitoa namba ya mtu mwingine, wote walijua kwamba kimya ni uzima. Wawili wameshakwenda kupima upya hospitali ya wilaya. Majibu yao ni yao.

Ritha anataka kufika kila kambi ya mkonge ya wilaya, kisha Pangani na vijiji vya pwani, kabla mvua za masika hazijaharibu barabara. Kazi za tovuti atazifanya siku zitakazobaki. Anajua hatawapata wote, na kwamba katika wale atakaowakosa yumo ambaye bado anamshukuru Mungu kwa kutoitwa.

Tulipokuwa tunaaga alitushika mkono, akauliza kama gazeti hili hufika mashambani. Tukasema hufika, japo kwa kuchelewa, na aghalabu likiwa limefungiwa maandazi.

"Hata likiwa limefungiwa maandazi," alisema. "Andika hivi: aliyepima, akatoa namba ya jirani, na hakuitwa, arudi. Asisubiri simu. Kompyuta ilikwisha sema ujumbe wake umefika."