Vidonge vya Fundi

Kiwandani walimwita Mama Gundi, ingawa hakuwahi kuzaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mahali palepale, mwisho kabisa wa mstari wa mashine, ambapo karatasi ngumu iliyokwisha kuchapwa na kukatwa hukunjwa, hupakwa gundi ya moto na kugeuka boksi. Maboksi ya sabuni, ya majani ya chai, ya dawa ya meno. Gundi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kucha. Akirudi nyumbani mdogo wake humwambia, "Dada, usinishike kwanza, tutagandana," naye hucheka, kama nguvu za kucheka zimebaki.

Mdogo wake alikuwa na miaka arobaini na moja, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishonea dirishani, kwenye chumba chao cha mbele, akipokea sare za wanafunzi, mapazia na nguo za watu walionenepa ghafla kabla ya harusi. Kifafa kilimwanza akiwa darasa la tano. Mama yao alipofariki, Mama Gundi aliachiwa vitu viwili vya kutunza, mdogo wake na cherehani, na siku nyingine alikuwa akisema kwamba cherehani ndiyo yenye adabu.

Ukweli ni kwamba walikuwa wameshazoea. Daktari alipata dawa iliyomfaa Fundi, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kwa miaka sita hakuanguka hata mara moja. Kisha dawa ikapotea kwenye dirisha la hospitali. "Imeisha, mama. Jaribu wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Kwenye maduka ya dawa ya mjini ilikuwepo, lakini bei yake ilimfanya Mama Gundi amwombe muuzaji aitaje tena, akidhani hakusikia vizuri. Alinunua. Akaomba zamu ya Jumamosi, halafu na ya Jumapili.

Miezi minne ilipita hivyo. Alikuwa akila amesimama. Siku moja alivaa viatu viwili tofauti mpaka kazini, na hakuna aliyemcheka, jambo lililomhuzunisha kuliko kama wangemcheka.

Alasiri moja alirudi na kumkuta Fundi sakafuni, pembeni ya cherehani. Alijua la kufanya. Alisukuma mkasi mbali, akamlaza ubavu, akamwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu dakika. Zilikuwa mbili, zikawa tatu. Mwili ulipotulia Fundi alifumbua macho, akamtazama dada yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Nimeanguka?"

"Umeanguka. Tulia."

Alipokuwa akimtafutia nguo safi, Mama Gundi aliangusha kopo la vifungo kabatini, likafunguka, akakuta kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na nusu za vidonge, zimekatwa sawasawa kwa wembe, kazi ya mtu mwenye mkono wa kushona. Zilikuwa nyingi. Alikaa nazo kitandani mpaka Fundi akili zilipomrudi.

"Tangu lini unameza nusu?"

Fundi aligeukia ukuta. "Tangu ulipoanza kufanya kazi Jumapili."

Mama Gundi hakumgombeza. Alikuwa amechoka mno hata kukasirika. Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sinki, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kazini kulikuwa na mkata karatasi ambaye wote walimwita Kisu, kwa ajili ya mashine yake na kwa ajili ya ulimi wake. Alipomsikia Mama Gundi akieleza habari za bei, alivuta simu mfukoni. "Dada, siku hizi watu hawaendi dukani. Duka linakuja kwako. Shemeji yangu ananunulia hapa dawa ya presha, inatoka nje, kwa bei ya kutupa." Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamume mwenye koti jeupe, anatabasamu, na nyuma yake rafu za dawa. Dawa ya Fundi ilikuwepo, kwa robo ya bei ya mjini.

"Hawataki cheti cha daktari?"

"Hawataki chochote. Ndiyo raha yake."

Kitu fulani kilimgusa Mama Gundi hapo, kama jiwe dogo ndani ya kiatu, lakini mapumziko yalikuwa ya dakika ishirini na kengele ilikuwa karibu kulia. Aliagiza za miezi mitatu na kulipa papo hapo.

Kifurushi kilifika baada ya wiki tatu, wakati Fundi amebakiwa na vidonge vitano. Mama Gundi alikifungua mezani, Fundi akiwa amesimama nyuma yake na glasi ya maji mkononi, tayari. Lakini Mama Gundi hakutoa vidonge. Aligeuza boksi. Akaligeuza tena. Akalisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Vipi?" Fundi aliuliza.

"Hili limebandikwa kwa mkono."

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Kiwanda cha dawa hakibandiki boksi kwa mkono. Gundi ya mashine hukaa mstari mmoja, mwembamba. Hii wamepaka na brashi, tazama, imevuja." Alipitisha ukucha pembeni. "Na hapa kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi pamekwanguliwa, wakapiga muhuri mwingine juu yake." Alitoa bamba la vidonge. Namba iliyochapwa nyuma yake haikuwa ile iliyokuwa kwenye boksi.

Fundi aliweka glasi mezani. "Dada, labda ni boksi tu. Labda dawa ni nzima. Mimi nimechoka. Nipe nimeze, yaishe."

"Hata mimi nimechoka," alisema Mama Gundi, na akaliweka boksi juu ya kabati, mahali ambapo mdogo wake hafiki bila kiti.

Kesho yake aliomba ruhusa kwa mkuu wa zamu na kwenda hospitali. Mfamasia alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe, mtu ambaye kwa miaka yote Mama Gundi alimjua kuanzia kifuani kwenda juu tu, kupitia dirisha. Safari hii alimkaribisha ndani, akaondoa mafaili kwenye kiti. Alisikiliza habari yote, hadi ya zile nusu kwenye kopo, huku akiligeuza lile boksi.

"Umeyagunduaje yote haya, mama?"

"Ndiyo kazi yangu. Natengeneza maboksi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Ningekuwa nawe hapa dirishani ningelala usingizi. Sasa sikiliza. Ndani humu inaweza kuwa dawa yenyewe, inaweza kuwa chaki, inaweza kuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Mimi siwezi kukwambia kwa kutazama, na wewe huwezi. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Asiguse hata kimoja. Hili litakwenda mamlaka ya dawa wakalipime, na utaniandikia jina la duka hilo."

Mama Gundi alijikaza, lakini machozi yalimtoka, yale ya uchovu yasiyo na sauti. Mfamasia alijifanya anatafuta kalamu. Kisha alimpigia daktari simu, wakazungumza kidogo, naye akarudi na bahasha yenye vidonge vya wiki mbili kutoka akiba ya wodi. Alimwagiza Mama Gundi kwamba Fundi ameze kimoja kizima asubuhi na kimoja kizima jioni kama zamani, asikate wala asiruke, na nusu za kwenye kopo zirudishwe hospitalini. "Dawa ya kifafa haipunguzwi kienyeji. Ukitaka kupunguza, unakuja kwa daktari."

"Kwa hiyo kununua nje ni kosa?" Mama Gundi aliuliza.

"Sikusema hivyo. Wapo wanaouza kwa halali na kwa bei nafuu. Ila mwenye duka la dawa asiyekuuliza cheti, huyo si mfamasia, ni mchuuzi. Duka zuri litakusumbua. Ukiona halikusumbui, kimbia."

Jioni ile alipiga namba ya simu ya lile duka la Kisu. Iliita mpaka ikakatika, mara nne. Anwani hakuiona popote, si jina la mtaa wala la mji. Pesa ilikuwa imekwenda na maji. Kisu aliposikia alikula chakula cha mchana peke yake siku mbili nzima, hadi wenzake wakauliza kama anaumwa jino. Siku ya tatu alimpigia shemeji yake amkataze zile dawa za presha, kisha akaja kwa Mama Gundi, akasema, "Nisamehe, dada," bila utani wowote.

Jumamosi mbili zilizofuata Mama Gundi hakwenda zamu. Alikaa na Fundi dirishani, simu katikati yao, wakitafuta duka lingine la mtandaoni, karatasi ya maelezo ya mfamasia imebanwa chini ya mkasi. Mfamasia alikuwa amewaandikia jina la dawa yenyewe, si lile la kampuni, na hilo pekee lilifungua mengi, kwa sababu dawa ileile ilitengenezwa na viwanda vingine kwa bei ya chini. Duka la kwanza halikuwa na anwani. La pili lilikuwa na nembo nzuri ya kibali, lakini Fundi alipoandika mwenyewe anwani ya tovuti ya mamlaka ya dawa ya nchi ambako duka lilidai liko na kutafuta namba ya leseni kwenye orodha yao, haikuwepo. Alirudia mara tatu. Nembo ilikuwa picha tu.

La tatu liliwasumbua. Walitaka cheti cha daktari. Walitaka kujua Fundi anameza dawa gani nyingine, ana mzio wa nini, mara ya mwisho alianguka lini. Leseni yao ilikuwepo kwenye orodha, kwa jina na mtaa uleule. Hata simu ilipigwa, na mwanamke mwenye lafudhi ya mbali akajitambulisha kuwa mfamasia na kumuuliza Fundi maswali taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Bei haikuwa ya kutupa. Ilikuwa nusu ya ile ya mjini, na Mama Gundi alishangaa kwamba safari hii alifurahi kuona si rahisi zaidi.

Ikabaki kuomba mamlaka ya dawa ruhusa ya kuingiza dawa ya matumizi binafsi. Hapo walipigwa danadana. Dirisha la nne lilimtuma Mama Gundi la tisa, la tisa likataka barua ya daktari yenye muhuri, daktari alikuwa likizo, muhuri ulikuwa kwenye droo iliyofungwa. Alisimama kwenye foleni akiwa na sare ya kazi, akisinzia wima. Vidonge vya wodi vilipokaribia kuisha alinunua tena vichache mjini, kwa bei ileile ya kukata roho, ili Fundi asikose hata siku moja. Ruhusa ilipotoka ilikuwa ya miezi mitatu, si zaidi.

Kifurushi kilifika siku ya ishirini na sita baada ya kuagiza. Hawakukifungua peke yao, walikipeleka kwa mfamasia. Namba zilifanana, tarehe ilikuwa safi, karatasi ya maelezo ilikuwa na jina la kiwanda, na kiwanda kilipoandikiwa kilijibu kwamba toleo hilo ni lao. Mzee alimtazama Fundi juu ya miwani. "Kidonge hiki ni cha umbo tofauti na ulichozoea. Daktari ameridhia, lakini tutakuangalia. Ukianguka, andika siku na saa." Fundi alianguka mara moja, wiki ya pili. Baada ya hapo mwezi ukapita, na mwingine.

Majibu ya boksi la kwanza yalikuja kwa barua fupi: vidonge vilikuwa na dawa, lakini chini ya theluthi ya kiasi kilichoandikwa. Mama Gundi aliisoma amekaa ukingoni mwa kitanda. Alifikiria ile glasi ya maji iliyokuwa tayari.

Ungedhani hapo angepumzika. Lakini miezi mitatu ni mifupi, na karatasi zilikuwa zilezile za kuanza upya. Asubuhi moja alisinzia mbele ya mashine, na gundi ya moto ikamwagika kwenye kifundo cha mkono. Alirudi nyumbani saa nne amefungwa bandeji, akaanza moja kwa moja kutafuta faili la ruhusa.

"Nipe hizo karatasi," Fundi alisema.

"Utaziweza?"

"Dada, nashona koti la vipande ishirini na tatu na mikono inaingia mahali pake. Fomu nne zitanishinda?"

"Na ukianguka huko kwenye foleni?"

"Nitaanguka kwenye foleni. Jirani atakuwa nami, na ana namba yako. Miaka thelathini unanibeba. Hiki niachie mimi, dawa ni yangu."

Mama Gundi alikunja karatasi alizokuwa nazo mkononi, akazirudisha ndani. Alimpa faili.

Fundi alikwenda na jirani, akarudishwa kwa sababu muhuri mmoja ulikuwa hafifu. Akaenda tena Alhamisi. Zamu hiyo Mama Gundi aliharibu maboksi mengi kuliko mwaka mzima uliopita, akigusa simu mfukoni kila baada ya dakika chache, na haikulia. Wiki kadhaa baadaye, ruhusa ikiwa imetoka, Fundi alikwenda pia posta kukichukua kifurushi, akakipitisha kwa mfamasia, akarudi kwa miguu yake.

Dada yake alipoingia jioni ile, kifurushi kilikuwa mezani, na kando yake daftari lenye tarehe ya kuagiza tena, imepigiwa mstari mara mbili. Fundi alikuwa amelala kitandani na viatu miguuni, mdomo wazi, kama mtu aliyerudi kutoka shambani. Mama Gundi alisimama akisikiliza pumzi zake zinavyokwenda sawa. Kisha akamvua viatu, akaviweka chini ya kitanda, akajilaza kando yake na nguo za kazi kama zilivyo, na usingizi ukamchukua kabla hajaamua nani atapika.