Shikamoo Niliyompa Mtani

Mwaka ule wa misiba ya taifa sikukosa hata mmoja. Alipofariki waziri mkuu wa zamani, nilishinda kijiweni Mbagala nikiwaeleza wenzangu habari zake. Hata mwezi haujaisha, akafariki rais mstaafu. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, na mimi nikajifanya msemaji wa familia ambayo haikuwahi kuniona.

Siku hizohizo shangazi yangu, aliyenilea kule Miteja, alikuwa mgonjwa. Kila tulipoongea, ombi lake lilikuwa moja.

"Njoo unipe shikamoo nikikuona. Hii ya simu haina ladha."

"Nakuja, shangazi," nilijibu, kama mtu ambaye mguu mmoja umeshapanda basi. Miguu yangu hii imefika Tunduru, imefika hadi Songo Mnara nisikokuwa na shughuli yoyote. Miteja tu ndiko ilikoona mbali.

Mwezi wa Mei kikaja kimbunga, mafuriko yakakata barabara kule Somanga. Simu ikalia: shangazi amefariki. Nikaondoka mbio, nikakwama Somanga kwenye foleni ya magari, mbele yetu maji matupu. Unadhani nililia? Niliwahutubia abiria juu ya ujenzi wa madaraja. Huko Miteja wakazika. Maiti haimngoji msafiri, hasa msafiri kama mimi.

Nilipofika, matanga yalikuwa yanakwisha. Mlangoni, juu ya mkeka, alikaa mama mmoja, mtani wetu, amejifunga kanga za marehemu na kuvaa miwani yake, anakohoa kama yeye. Waliofiwa walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi.

"Haa! Rais wa mabasi huyo!" akaniita; hotuba ya Somanga ilikuwa imenitangulia kwa simu. "Umekuja kuzika au kuhutubia?"

"Mtani, nipishe nipite."

"Upite wapi? Shangazi yako ndiye mimi. Nimekungoja mpaka nimekufa, nimechoka kufa, nimerudi. Salamu yangu iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mtani hanuniwi, nami nikapiga goti nikidhani nitacheka nao.

"Shikamoo, shangazi."

Neno la mwisho halikutoka vizuri. Mtani akaacha kukohoa. Akavua miwani, akaniwekea mkono kichwani, akajibu kwa sauti yake mwenyewe, polepole.

"Marahaba, mwanangu. Nitampelekea."

Kisha akairudisha miwani puani.

"Haya, masufuria yale pale. Wenzio wamechimba kaburi."

Nikaenda kuyasugua. Wanaume wawili waliokuwa karibu wakaniuliza habari za barabara, nikawaambia imekatika. Basi.