Mpini wa Mpira

Mtu akiniuliza nilijifunzaje kusuka kekele, namwonyesha mdomo wangu wa juu. Kuna kovu dogo pale. Kekele ni mmea wa msituni wenye miiba, unatambaa juu ya miti mingine, na ukishakwanguliwa na kupindwa unatoa viti na vitanda vya watoto. Siku ya kwanza nilijaribu kupinda fimbo nene ambayo sikuwa nimeilowesha vya kutosha. Iliniponyoka ikanichapa usoni. Nilitema damu chini, nikaikanyaga ile fimbo kwa kisigino mpaka ikapasuka vipande vipande. Mzee mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Papa, alinitazama bila kusimama.

"Bon, sawa," akasema, "huyo umeisha kumuua. Kamata ingine."

Sikwenda pale kwa hiari. Nilikuwa mwaka wa tatu wa ergoterapia, fani ya kumsaidia mtu aliyeumia arudie kazi zake za kila siku: kula, kuvaa, kushona, kulima. Mwalimu wetu aliamuru kila mwanafunzi ajifunze ufundi asioujua kabisa, aufanye saa zake za mapumziko kama burudani. Alitaka tuonje aibu ya mtu mzima anayeshindwa na jambo dogo, kabla hatujampa mgonjwa kazi hiyohiyo. Wenzangu walichagua kufuma vitambaa wakiwa wameketi kwenye baraza. Mimi na kiburi changu nikaenda kwa mafundi wa kekele walio kando ya barabara, mitaa miwili kutoka nyumbani, katika komini ya Kisangani, sehemu mojawapo ya mji wa Kongo wenye jina hilohilo. Nilihesabu kwamba baada ya miezi miwili nitakuwa na kiti kizuri cha kumtambia mama yangu.

Papa alikuwa mzee wa Kiislamu, wa ukoo wa siku nyingi mjini, na alifundisha kwa kuchapa. Alikaa na ukanda mwembamba wa kekele magotini. Ukikosea msuko, ukanda unakushukia vidoleni kabla hujajua umekosea wapi. Aliponichapa mara ya tatu niliudaka nikamwambia akirudia nami nitampiga. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia.

"Utanipiga na mukono gani, mutoto yangu? Yote mbili iko navuja damu."

Nikacheka pia, nikarudi kazini. Na nilianza kuipenda, lazima niseme hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu sana, na nyumbani sikuwa na pa kuzipeleka. Pale palikuwepo. Unasukuma kisu kwenye ncha ya fimbo, unaiburuta kuelekea kwako, na inachanika kwa urefu wake wote. Niliwachana wote niliokuwa nimewakasirikia wiki nzima. Nililala vizuri miezi ile.

Mgonjwa wangu wa mafunzo alikuwa mkulima wa ng'ambo ya mto, mtu wa miaka arobaini hivi. Vijiji viwili viligombania mashamba, na katika ugomvi huo mtu alimkata kwa panga juu kidogo ya kiganja cha mkono wa kulia. Kaka yake aliuawa siku hiyohiyo, hatua chache kutoka pale alipoanguka yeye. Daktari alizishona kano, na vidole viliweza kujikunja, lakini kwa udhaifu, na havikuweza kufunguka. Akishashika kikombe, alikuwa anavitoa kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Mke wake ndiye aliyemvusha mto kwa mtumbwi kila wiki, na sufuria ya chakula kichwani. Alikuwa amelima peke yake misimu miwili. Siku ya pili aliniambia wazi, mume wake akiwa anasikia.

"Dokta, mie nimechoka. Musimu ya muhindi inakuya. Murudishie mukono."

Nilimwuliza mume swali tunalofundishwa kuuliza: unataka kuweza kufanya nini tena?

"Kukamata mupanga," akasema.

Nikaandika kwenye karatasi yangu: kilimo. Shambani watu wanafyeka kwa panga, sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Nikampeleka karakana. Nilijiona mjanja kweli, maana wenzangu wangewapa wagonjwa wao uzi na sindano, na mimi nampa mwanamume kazi ya kiume. Kisu cha kupasulia kekele kina mpini mwembamba, kikawa kinamdondoka. Kwa hiyo nilichukua mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli, nikaukata vipande virefu, nikauzungusha kwenye mpini mpaka ukanenepa na kujaa kiganjani. Halafu nikatengeneza kamba ya mpira uleule inayopita juu ya mgongo wa mkono na kufungwa kwa fundo, ili kisu kisianguke hata vidole vikichoka. Mwalimu alikuja kuangalia, akaupiga picha mpini wangu, akasema huo ndio ubunifu anaoutaka. Kila mara nilifunga lile fundo mwenyewe.

Wiki tisa alipasua kekele. Alifanya kazi kimya, meno yameumana, jasho likimtiririka. Alipochoka nilimwambia apumzike, akakataa. Papa hakumchapa hata mara moja, jambo lililoniudhi kidogo. Vidole vikawa vinakunja kwa nguvu. Kufunguka tu ndiko kulikotushinda. Nilishika mkono wake kila alipokuja nikimwambia fungua, fungua, na vidole vikabaki vimejikunja.

Wiki ya kumi mvua iliharibu barabara ya Bengamisa, inakotoka kekele yetu, na muuzaji wetu wa kawaida hakufika na mzigo wake. Papa akaagiza kekele kwa mtu mwingine, aliyevuka na mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Mtu yule aliutua mzigo, simu yake ikalia, akaipokea, akaanza kuzungumza lugha ya kijijini kwake. Mgonjwa wangu akanyanyua kichwa. Ilikuwa lugha ya wale waliomkata. Baadaye alikubali mwenyewe kwamba hakuwa amewahi kumwona mtu yule maishani.

Mgonjwa wangu alisimama akamchoma begani kwa kile kisu. Muuzaji alianguka juu ya mzigo wake, simu bado inaongea, na kisu kikamshukia tena, mara hii kwenye mkono aliokuwa amejikingia. Damu ilirukia viti vyeupe vilivyokuwa vinangoja wateja. Jambo la kwanza nililoliwaza, na ninalisema kwa haya, ni kwamba ameshika vizuri. Kidole gumba kilikuwa mahali pake hasa. Nilifurahi. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini nilifurahi.

Papa alijitupa katikati akasukumwa, akaanguka. Mimi nilikuwa na mguu wa kiti mkononi, ule mti mgumu ambao kekele huzungushiwa. Papa akapiga kelele kutoka chini, "Achilia kisu. Achilia."

Na mgonjwa wangu akaachilia. Vidole vyake vilifunguka vyote vitano, vikanyooka. Kisu kikabaki kiganjani, kimefungwa kwa kamba yangu. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Dokta," akasema, "haitoke."

Kwenye ripoti niliandika kwamba hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Nafasi ilikuwepo. Nilimsikia, nikamwelewa, nikaviona vidole. Lakini nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika: kwa sababu alinifanya mjinga, kwa sababu ya wiki zangu tisa, kwa sababu ya mpini uliopigwa picha. Nilimpiga juu ya kovu lake kwa nguvu zangu zote. Mkono ulining'inia. Nikampiga tena palepale. Pigo la kwanza nililiandika kuwa la kumzuia. La pili sikuliandika.

Alipiga magoti bila kulia. Papa ndiye aliyeikata ile kamba, na kisu kikaanguka. Muuzaji alishonwa, akaishi. Polisi walikuja, wakauliza, wakanipongeza kwa ujasiri. Mwalimu naye alinipongeza, na sikumkatalia.

Mke alifika hospitalini kesho yake, na sufuria yake. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mume wake kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa. Aliitazama plasta ngumu iliyofungwa mkononi mwake, kisha akaniuliza miezi mingapi. Nikamwambia mifupa ni miezi miwili au mitatu, lakini kano zilizoshonwa zimekatika tena, na huenda vidole visifanye kazi kabisa.

Aliweka sufuria chini. Alimpiga mume wake kofi moja la sikio. "Hii ni ya kisu," akasema. Halafu akanigeukia, akanipiga mimi, kwa nguvu zaidi, mpaka lile kovu la mdomo likafunguka.

"Na weye," akasema, sauti yake iko chini kabisa, "ameniambia alikuita. Ulipashwa kufungua kamba tu."

Wagonjwa wa vitanda vingine walitugeukia. Nikapangusa damu kwa mkono wa shati. Alikaa pembeni ya kitanda, akafunua sufuria, akaanza kumlisha pondu, yale majani ya muhogo, na wali kwa kijiko, polepole, akimfuta kidevu. Sufuria ilipofika nusu akaniuliza bila kunitazama.

"Musimu ni wiki inakuya. Unajua kukamata jembe?"

Nikamwambia najua, ingawa sikuwa nimewahi kulima hata siku moja.